Kung'atuka kwa Bill Gates na friji ya chanjo

Vichupa vya chanjo kwenye friji ya zahanati vina alama ndogo: duara la zambarau na ndani yake kimraba cheupe. Chanjo ikipata joto, kimraba kinaanza kukolea. Kikishafanana rangi na duara, kichupa kile hakitumiki tena. Ndiyo kazi yangu, kutunza chanjo, na huwa nawaeleza wenzangu wapya kwamba sehemu ya fedha iliyoleta vichupa hivi ilianza kama hisa za kampuni ya programu za kompyuta.

Bill Gates aliacha kazi ya kila siku Microsoft tarehe 27 Juni 2008, akiwa na miaka 52. Wengi wanaikumbuka siku hiyo tu, lakini aliondoka hatua kwa hatua. Ukurugenzi mkuu alishamwachia Steve Ballmer mwaka 2000. Juni 2006 akatangaza kwamba baada ya miaka miwili atahamishia nguvu zake kwenye taasisi yake ya hisani, Taasisi ya Gates, na papo hapo kazi ya usanifu mkuu wa programu akamkabidhi Ray Ozzie. Uenyekiti wa bodi aliuacha 2014, na bodi yenyewe 2020. Sisi tuliozoea neno kung'atuka tunalielewa hili: Mwalimu Nyerere aliachia urais 1985, lakini uenyekiti wa CCM akaendelea nao hadi 1990.

Fedha yenyewe inakwendaje? Tangu mwishoni mwa 2006 kuna vyombo viwili: mfuko wa dhamana unaowekeza mali, na taasisi inayogawa ruzuku. Sheria ya Marekani inazitaka taasisi za namna hii zitoe takriban asilimia 5 ya mali zake kila mwaka. Uwekezaji ukifanya vizuri, taasisi inaweza kuishi milele. Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, alipoiahidi taasisi hiyo hisa zake Juni 2006 aliweka sharti ninalolipenda sana: thamani ya hisa anazotoa kila mwaka itumike yote, juu ya ile asilimia 5, isilundikwe.

Kwa upande wetu, jambo kubwa ni Gavi, ushirika wa kimataifa wa kuzipatia nchi maskini chanjo. Taasisi ya Gates iliahidi dola milioni 750 kuianzisha mwaka 2000. Kabla ya hapo, chanjo mpya zilichelewa sana kufika nchi maskini, kwa sababu mtengenezaji hakuwa na uhakika wa soko na nchi moja moja haikuwa na nguvu ya kushusha bei. Gavi ilikusanya mahitaji ya nchi nyingi pamoja, na kila nchi ikachangia kidogo kwa kadiri ya kipato chake. Taasisi hiyohiyo iligharamia sehemu ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo yalifanyika pia hapa kwetu, Bagamoyo na Korogwe. WHO iliipendekeza Oktoba 2021.

Linanisumbua jambo moja: vipaumbele vya afya ya watoto wetu kutegemea kiasi hiki uamuzi wa mtu ambaye hatukumchagua. Nashukuru kwa kazi iliyofanyika, na bado nalisema.

Sasa tarehe ya mwisho inajulikana. Mei 2025 Gates alitangaza kwamba taasisi itatumia takriban dola bilioni 200 katika miaka 20, kisha ifungwe tarehe 31 Desemba 2045. Mtoto aliyechanjwa Penta ya kwanza (chanjo ya watoto wachanga inayokinga magonjwa matano) mwaka ule wa tangazo atakuwa na miaka 20 siku hiyo, na pengine yeye ndiye atakayeshika ufunguo wa friji. Kwa hiyo nikiletewa bajeti ya halmashauri, kabla ya kuangalia wafadhili wametoa nini, natafuta kifungu cha vipuri vya friji, mafuta ya pikipiki ya kusambazia chanjo na mchango wetu wenyewe wa kununua dozi, kisha naulizia kama fedha hiyo imetoka kweli.