Jina la moduli si anwani ya faili

Wiki hii nimeletewa tena faili la usanidi wa RequireJS, maktaba ya JavaScript inayopakia moduli (vipande vya msimbo) kwenye kivinjari, ambalo kila mstari wa paths, sehemu inayooanisha majina ya moduli na mafaili, umemalizikia kwa .js. Aliyelileta ni kijana mwenye bidii, amekesha nalo siku mbili, na alikwisha kuamua nani wa kulaumiwa. "Kaka, seva hii ina matatizo," aliniambia. Nilimwomba afungue kichupo cha mtandao kwenye kivinjari, na ombi la kwanza lililoandikwa kwa rangi nyekundu lilikuwa la faili liitwalo jquery-3.7.1.js.js. Seva haikuwa na kosa lolote. Iliombwa faili lisilokuwepo, ikajibu 404 kama inavyopaswa kujibu.

Kosa lenyewe hurekebishwa kwa dakika moja. Kinachonisukuma kuandika ni imani iliyolizaa, kwa sababu nimekutana nayo kwa wanafunzi, kwa mafundi wenye miaka kumi kazini, na hata katika mafunzo yanayouzwa: kwamba maneno tunayoyaandika kwenye orodha ya vitegemezi, yaani moduli ambazo moduli nyingine inazihitaji, ni anwani za mafaili, na kwamba paths ni njia ya kuzifupisha anwani hizo. Si kweli. Yale ni majina. Jina ni la mtu na anwani ni ya nyumba, na mtu akihama nyumba jina lake halibadiliki. Anayevichanganya viwili hivi atapata usanidi unaofanya kazi leo kwa bahati na kuvunjika kesho bila sababu anayoweza kuieleza.

Tuchukue usanidi mfupi:

```
requirejs.config({
  baseUrl: 'js',
  paths: {
    jquery: 'lib/jquery-3.7.1',
    orodha: 'app/kurasa/orodha'
  }
});
```

Kipakiaji, yaani RequireJS yenyewe, kinapopewa jina, hulikata kwenye kila alama ya mkwaju (/), hutafuta katika paths sehemu ndefu zaidi ya mwanzo wa jina hilo iliyosajiliwa, huiweka badala yake ile thamani uliyoiandika, huongeza .js mwishoni, kisha hutanguliza baseUrl, yaani folda ya kuanzia, iwapo matokeo hayaanzi kwa mkwaju wala kwa itifaki kama https. Kwa hiyo jina jquery huishia kuwa js/lib/jquery-3.7.1.js, na ukiwa umekwisha kuweka .js kwenye thamani, utaongezewa nyingine. Ndiyo habari ya faili la yule kijana.

Sasa njoo upande wa pili, ambao ndio unaowachanganya watu kwa haki. Ukiandika .js hiyo hiyo mwishoni mwa jina katika orodha ya vitegemezi, kipakiaji hakiongezi kitu. Jina linaloanza kwa mkwaju, lenye nukta pacha au alama ya kuuliza ndani yake, au linalomalizikia kwa .js, kipakiaji hulichukulia kuwa ni anwani kamili, na hapo hakitazami tena baseUrl wala paths. Anwani hiyo, isipoanza kwa mkwaju wala kwa itifaki, husomwa kuanzia mahali ulipo ukurasa. Mtu akiandika 'js/lib/jquery-3.7.1.js' kama kitegemezi, ukurasa wa mwanzo wa tovuti utafunguka vizuri, kwa kuwa folda ya js iko jirani yake, lakini ukurasa ulio ndani ya folda ya wateja utakwenda kutafuta wateja/js/lib na kukosa. Herufi zile zile, mahali pawili, matokeo mawili yanayopingana: upande mmoja zinazidi, upande mwingine zinafuta usanidi wote. Huu, kwa maoni yangu, ni uamuzi mbaya wa kubuni, na siwalaumu wanaopotea hapo. Ninaowalaumu ni wanaofundisha kwamba "ukiona haifanyi kazi, jaribu kuweka .js au kuiondoa." Huko ni kupiga ramli.

Twende kwenye madhara makubwa zaidi. Tuseme moduli moja imeomba 'jquery' na nyingine imeomba 'lib/jquery-3.7.1'. Kwa macho ya anayeamini anwani, hawa wameomba kitu kimoja, kwa sababu faili ni moja. Kwa kipakiaji hayo ni majina mawili, kwa hiyo ni moduli mbili, na faili litawekwa kwenye ukurasa mara mbili. Tangu toleo 1.7 la mwaka 2011, maktaba ya jQuery hujisajili yenyewe kwa jina maalumu, 'jquery', kwa herufi ndogo zote. Faili linapofika mara ya pili hutangaza tena moduli iitwayo 'jquery', kipakiaji hukuta jina hilo limekwisha kusajiliwa, hulipuuza tangazo hilo, na ile moduli iitwayo 'lib/jquery-3.7.1' hubaki bila mtu aliyeitangaza. Mwenye kuiomba hupewa undefined. Wakati huo huo mwili wa faili umekwisha kutekelezwa kwa mara ya pili, na jQuery mpya imeketi kwenye window.jQuery mahali pa ile ya kwanza. Programu-jalizi zote za mtindo wa zamani zilizojishikiza kwenye ile ya kwanza hazionekani tena kwa yeyote anayetumia $ ya ukurasa mzima. Kalenda ya kuchagua tarehe iliyokuwa ikifanya kazi inatoweka, na konsoli inakuambia kwamba datepicker si funksheni. Utaichunguza kalenda mpaka uchoke, na kalenda haina kosa.

Kuna mfano mwingine unaonisaidia kuwashawishi wabishi. Katika usanidi ule wa juu, jina orodha linaelekezwa kwenye faili app/kurasa/orodha.js. Ndani ya faili hilo mwandishi ameomba kitegemezi './bei', akitarajia jirani yake katika folda ile ile ya kurasa. Kipakiaji kitaleta js/bei.js. Sababu ni kwamba nukta ile inahesabiwa kuanzia jina la moduli, na jina la moduli ni orodha tu, halina mkwaju, halina folda; jirani wa orodha ni bei. Mahali faili lilipolala kwenye diski hakuhusiki. Ukitaka './bei' ipatikane pale unapoitarajia, sajili kiambishi cha folda nzima, kwa mfano kurasa: 'app/kurasa', kisha iite moduli 'kurasa/orodha'. Hapo './bei' inakuwa 'kurasa/bei', na tafsiri ya paths inaipeleka mahali pake. Mtu akiuelewa mfano huu mmoja, mengine hujipanga yenyewe.

Najua imani hii inatoka wapi. Vijana wengi siku hizi wameanza na moduli za lugha yenyewe, zile za import na export, na huko kweli anwani ndiyo utambulisho: kivinjari huhifadhi kila moduli kwa anwani yake kamili, './bei.js' huhesabiwa kutoka mahali faili lilipo, na kiendelezi hakiongezwi na mtu. Hata ramani za import, ambazo Chrome ilizipokea katika toleo 89 mwaka 2021, Firefox katika toleo 108 mwaka 2022 na Safari katika toleo 16.4 mwaka 2023, hutafsiri jina kuwa anwani kisha hulisahau jina. Zinafanana na paths kwa sura, na ndiyo maana watu huhamisha mazoea ya upande mmoja kwenda wa pili. Katika AMD, mtindo wa moduli ambao RequireJS hufuata, jina halisahauliwi kamwe.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kale. JavaScript ya Magento 2, mfumo wa maduka ya mtandaoni, imejengwa juu ya RequireJS. Moodle, ambayo vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki hufundishia, imeitumia tangu toleo 2.9, na hata baada ya toleo 3.8 kuruhusu kuandika kwa import, kinachofika kwenye kivinjari bado ni AMD. Moodle yenyewe ni ushahidi mzuri kuliko wote: moduli iitwayo 'mod_forum/discussion' imeandikwa katika faili mod/forum/amd/src/discussion.js. Hakuna folda iitwayo mod_forum. Mhandisi anayetafuta folda hiyo atatafuta mpaka jioni.

Kuhusu shim, sehemu nyingine ya usanidi, nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu hapa ndipo usanidi mwingi huoza. Sehemu hii, iliyokuja na toleo 2.0 mwaka 2012, iliwekwa kwa ajili ya skripti zisizoita define (funksheni ya kutangaza moduli), zile zinazoacha thamani yao kwenye window na kuondoka. Si mahali pa kuorodhesha vitegemezi vya kila moduli. Haipakii kitu kwa kuandikwa tu; lazima moduli fulani iombe jina hilo. Skripti ikiwa inaita define yenyewe, exports na init ulizoandika hazitumiki, na utapata kile ambacho define imerudisha. Bado naona miradi iliyonakili kutoka makala za mwaka 2012 shim ya maktaba za Underscore na Backbone, ilhali Underscore 1.6.0 na Backbone 1.1.1, zote za Februari 2014, hujisajili zenyewe. Zaidi ya hapo, Backbone huomba vitegemezi vyake kwa majina 'underscore' na 'jquery'. Mwandishi wa maktaba amekwisha kuchagua majina; wewe kazi yako ni kumwambia kipakiaji mahali wanapokaa wenye majina hayo. Ukisajili 'lib/underscore' na 'lib/jquery' kwa kupenda kwako, Backbone haitawaona. Ukihitaji kweli kwamba moduli fulani ikiomba jina moja ipewe moduli ya jina lingine, tumia map, ambayo hubadilisha jina kwa jina, na inaweza kufanya hivyo kwa moduli moja bila kuzigusa nyingine.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu hulipitia haraka. Shim sahihi kabisa inaweza kufanya kazi unapotengeneza na kuvunjika ukishaunganisha mafaili yote kuwa moja kwa r.js, zana ya RequireJS ya kazi hiyo. Ndani ya faili lililounganishwa, skripti isiyo na define hutekelezwa papo hapo inaposomwa, ilhali Backbone, ambayo imo ndani ya define, husubiri vitegemezi vyake viwe tayari. Programu-jalizi ya zamani inayotaka Backbone kwenye window huanza kabla Backbone haijaumbwa. Kuna chaguo liitwalo wrapShim linaloifunga skripti hiyo ndani ya define, na mara nyingi husaidia, lakini skripti iliyotangaza var nje ya funksheni yoyote, ikitegemea kwamba itaonekana ukurasa mzima, hupoteza mwonekano huo ikishafungwa. Nimejaribu njia zote mbili katika miradi tofauti na sina moja ninayoiamini kila mahali. Ninachofanya sasa ni kuiandikia skripti ya zamani define kwa mkono wangu, ingawa najua kwamba siku ya kupandisha toleo nitalazimika kuirudia kazi hiyo.

Mawili ya haraka. Mpangilio wa majina katika orodha ya vitegemezi si mpangilio wa kupakia. Ahadi pekee ni kwamba vyote vitakuwa tayari kabla funksheni yako haijaitwa, isipokuwa pale moduli mbili zinapotegemeana kwa mzunguko, ambapo mmoja wao atapokea undefined. Na data-main, sifa ya lebo ya script inayotaja faili la kuanzia, hupakia faili lake bila kusubiriwa, kwa hiyo usiweke usanidi humo kisha ukaita require kwenye lebo ya script inayofuata ukitarajia usanidi umekwisha kusomwa. Siku ambazo mtandao una kasi utaona inafanya kazi.

Lililobaki ni waitSeconds. Kipakiaji hungoja sekunde 7 kabla ya kutangaza kwamba moduli imechelewa, na kwa mwanafunzi anayefungua somo kwa simu mahali penye mawimbi hafifu, sekunde 7 ni chache. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiweka 0, ambayo huondoa kikomo kabisa, na wenzangu ninaowaheshimu hunipinga kwamba nawanyima watumiaji ujumbe wa hitilafu na kuwaachia ukurasa uliokaa kimya. Faili likikosekana kabisa, kivinjari chenyewe hutoa taarifa ya 404 na kipakiaji huipokea. Lakini muunganisho uliokwama katikati hautoi taarifa mapema, na hapo hoja yao ina nguvu. Katika mradi wa yule kijana nimeweka 60, na sijatulia nayo.

Faili lake tulilimaliza siku ile ile. Tulifuta .js kumi na moja kwenye paths, tukabadilisha 'js/lib/jquery-3.7.1.js' kuwa 'jquery' katika moduli mbili, kisha nikamwacha aisome mwenyewe moduli ya tatu iliyokuwa ikiomba './bei'. Alirudi baada ya nusu saa akiwa amesajili kurasa kama kiambishi.