Mjane wa miaka 24 na jamaa zake Wakatoliki: Paris, Agosti 1572

Mauaji ya Siku ya Mtakatifu Bartholomayo huwa tunayafundisha kwa haraka. Wakatoliki waliwaua Waprotestanti, Mto Seine ukajaa maiti, basi, tunafungua ukurasa unaofuata. Mimi hufundisha historia ya Matengenezo ya Kanisa, na nikifika hapo kitabu cha kiada hukiweka pembeni, nikawasomea wanafunzi simulizi ya mwanamke aliyekuwa ndani ya jiji lile. Anaitwa Charlotte Arbaleste. Alikuwa na miaka 24, amefiwa na mume, ana binti wa miaka mitatu na nusu. Na karibu kila mlango uliomfungukia siku zile ulikuwa wa Mkatoliki.

Kwanza nyumbani kwao. Charlotte alizaliwa 1548 katika ukoo wa watumishi wakubwa wa mfalme. Baba yake, Guy Arbaleste, bwana wa La Borde, alikuwa kigogo katika baraza lililokagua hesabu za ufalme mjini Paris, naye kabla ya kufa mwaka 1570 alikuwa ameikubali imani ya Matengenezo. Mama yake, Madeleine Chevalier, alibaki Mkatoliki. Mjomba wake alikuwa askofu wa Senlis. Bibi yake mzaa mama alikuwa Mkatoliki ambaye hakuna aliyemtilia shaka. Mume wake, Jean de Pas, bwana wa Feuquères, alikuwa askari wa upande wa Waprotestanti, akafariki 1569 kwa jeraha alilolipata La Charité. Kwa hiyo mpaka wa dini ulipita katikati ya meza ya chakula ya familia hii, na wao hawakuwa peke yao. Wakubwa wengi wa Ufaransa ya wakati ule walikuwa na mashemeji, wajomba na binamu upande wa pili.

Agosti 1572 ilipaswa kuwa mwezi wa mapatano. Vita vya tatu vya dini vilikuwa vimeisha 1570, na tarehe 18 Agosti Henri wa Navarre, Mprotestanti, alimwoa Marguerite, dada wa Mfalme Charles IX. Wakubwa wa Kiprotestanti walijaa Paris kwa ajili ya harusi. Tarehe 22 kiongozi wao, Admirali Gaspard de Coligny, alipigwa risasi barabarani akajeruhiwa. Alfajiri ya Jumapili tarehe 24, watu wa Duke de Guise, mkubwa wa upande wa Wakatoliki, waliingia alimolazwa, mtaa wa Béthisy, wakamuua na kumtupa dirishani. Amri iliyotoka ikulu ilihusu viongozi. Ila ilipofika mitaani, mgambo wa jiji na raia wa kawaida waliichukua mikononi mwao, na kwa siku kadhaa haikuzuilika. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba Paris peke yake walikufa watu kati ya 2,000 na 3,000, kisha moto ukaruka hadi Orléans, Lyon, Rouen na miji mingine.

Charlotte alikuwa mgonjwa kitandani. Mpango wake ulikuwa kwenda Louvre, ikulu ya mfalme, kuaga, kisha aondoke zake jijini. Mpishi wake, Mprotestanti mwenzake, akaingia mbio kutoka mjini, roho juu, akisema watu wanauawa wote. Charlotte anakiri kwamba hakushtuka sana mwanzoni. Alivaa, akachungulia dirishani mtaa wa Saint-Antoine, akaona watu wamevurugika na askari wenye misalaba myeupe kwenye kofia. Ndipo alipojua kwamba si uvumi.

Akatuma mtu kwa mama yake. Mjomba askofu akamletea ujumbe afiche vitu vyake vya thamani, atatuma watu kumchukua. Hawakuja. Ndugu wa askofu huyo alikuwa ameuawa mtaa wa Béthisy, karibu na alikofikia Admirali, na askofu mwenyewe alisimamishwa njiani na kundi la watu, akanusurika kwa kupiga ishara ya msalaba. Hebu pima hilo: askofu wa Kanisa Katoliki analazimika kuonyesha barabarani kwamba ni Mkatoliki. Katika ghasia za namna ile hakuna aliyeulizwa cheo kwanza.

Charlotte alipoona muda unakwenda, akamtanguliza binti yake mabegani mwa mtumishi hadi kwa bwana wa Perreuze, ofisa wa mfalme, jamaa na rafiki yake. Perreuze akampitisha mtoto mlango wa nyuma, akamwambia na mama aje. Charlotte alipokwisha kutoka tu, watu wa Guise wakaingia nyumbani kwake wakimtafuta. Walipomkosa, walimpelekea mama yake ujumbe: alete écu 100, sarafu za wakati ule, na maisha ya bintiye pamoja na mali yake vitasalimika.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kazi halisi ya kuficha watu. Kwa Perreuze walikuwa wamejazana zaidi ya watu 40. Watu 40 wanakula. Mwenye nyumba akinunua mikate mingi mtaani kwake, majirani watajua. Kwa hiyo alikuwa anaagiza chakula kutoka upande mwingine wa jiji. Yeye au mkewe alisimama mlangoni mchana, akiwasalimia wakubwa waliopita pamoja na manahodha wa mgambo waliokuwa wakipora nyumba za Waprotestanti jirani, ili waone sura ya mtu asiye na la kuficha. Ni ujasiri wa aina yake, wa kusimama kizingitini na kuzungumza habari za kawaida huku nyuma yako kuna watu 40 wanaobana pumzi.

Jumanne amri ikaja nyumba ikaguliwe. Wengi walikuwa wamekwisha kuondolewa. Waliobaki wakafichwa, wengine kwenye kuni, Charlotte na mwanamke mmoja wa kwake wakapanda darini, chini ya paa. Kutoka kule alisikia vilio vya wanaume, wanawake na watoto waliokuwa wakichinjwa, na mtoto wake alikuwa chini. Anaandika kwamba aliwaza kujirusha kutoka juu ya paa, aone afadhali hivyo kuliko kuangukia mikononi mwa umati na kumwona mwanawe akiuawa mbele yake. Mtoto akatolewa na mtumishi, akapelekwa kwa bibi mzaa mama wa Charlotte. Mama alibaki na mwendo wake peke yake.

Alibadili mavazi, akaenda kulala kwa mhunzi aliyekuwa amemwoa mtumishi wa zamani wa mama yake. Mhunzi huyu alikuwa kiongozi wa mgambo mtaani kwake, mtu wa fujo, na nyumba ililetwa mali iliyoporwa usiku kucha. Alimhubiria mgeni wake aende misa. Lakini hakumtoa. Mkewe alikuwa amekula chumvi ya nyumba ile, na kwa hesabu za wakati ule hilo lilitosha. Kutoka hapo alipelekwa kwa Rais Tambonneau, mkubwa wa baraza lilelile alilolitumikia baba yake, akafichwa katika chumba cha kusomea. Kisha ghafla akahamishiwa kwa mfanyabiashara wa ngano aliyewahi kuitumikia familia ile, akakaa siku tano katika chumba ambacho hakuthubutu kutembea wala kuwasha mshumaa, kwa sababu ya wapangaji wa chini na wa juu. Chakula chake kililetwa kidogo kidogo kimefichwa kwenye aproni, mletaji akijifanya amefuata nguo za kufua.

Humo ndimo mama yake alipomfikishia habari: kaka zake wamesalimika, kwa sharti la kwenda misa. Na yeye afanye vivyo hivyo. Akakataa.

Hapa wanafunzi huniuliza, na wana haki: si angekwenda tu, akatubu baadaye? Wengi walifanya hivyo. Henri wa Navarre mwenyewe, bwana harusi, aliikana imani yake mwaka ule ili aishi. Ila kwa Mprotestanti aliyelelewa katika mafundisho ya Geneva, misa haikuwa ibada ya jirani unayoweza kuketi nyuma ukaangalia. Kupiga magoti mbele ya hostia, mkate wa misa, kulikuwa kuabudu sanamu. Tena Calvin, mwalimu mkuu wa Geneva, alikuwa ameshaandika tangu 1544 dhidi ya wale aliowaita Wanikodemo, yaani waumini wa usiku, wanaoamini moyoni na kuinama hadharani kwa hofu. Udhuru wa "moyo wangu uko kwingine" ulikuwa umefungiwa mlango miaka 28 kabla. Mimi binafsi siwahukumu kaka zake hata kidogo. Ila bila kujua fundisho hilo huwezi kuelewa kwa nini mwanamke mwenye mtoto mdogo aliona jambo hilo halina majadiliano.

Siku ya kumi na moja akapanda mashua iendayo Sens. Ndani kulikuwa na watawa wawili, kasisi, na wafanyabiashara wawili na wake zao. Kwenye kizuizi cha Tournelles walinzi wakadai hati za kusafiria. Kila mmoja akatoa yake, yeye hana. Wakasema ni Mhugenoti, yaani Mprotestanti wa Ufaransa, azamishwe mtoni, wakamshusha. Akaomba apelekwe kwa Voisenon, mkaguzi wa hesabu aliyeshughulikia mambo ya bibi yake, Mkatoliki kamili ambaye angemdhamini. Askari wawili wakampeleka. Kwa bahati walibaki mlangoni, yeye akapanda peke yake, kwa sababu Voisenon alipomwona alishindwa kujizuia, akamwita kwa heshima ya bibi wa kikabaila, licha ya nguo zake za kimaskini. Charlotte akamnong'oneza kwamba askari wako chini. Voisenon akashuka, akawaambia amemwona mwanamke huyu kwa bibi wa Éprunes, mama wa askofu wa Senlis (ndiye bibi mzaa mama wa Charlotte), na kwamba watu hao ni Wakatoliki wanaojulikana. Askari wakamjibu kwamba hawaulizi habari za watu hao, wanauliza za huyu.

Jibu hilo hunisimamisha kila mara. Hao askari waliona kabisa ufa uliopo: dini ya ukoo haithibitishi dini ya mtu. Bado wakamwachia. Mwanamke mmoja Mkatoliki aliyefika hapo akawaambia kwamba hata yeye, aendaye misa kila siku, amekuwa na homa kwa hofu, na askari mmoja akakiri naye hali yake si tofauti. Wakamrudisha kwenye mashua, wakimwambia angekuwa mwanamume asingepona kirahisi hivyo. Njia nzima wasafiri wenzake walisimulia kwa furaha waliyoyaona Paris. Alipotamka neno, wakasema anaongea kama Mhugenoti. Akajifanya amelala.

Baadaye alijificha mashambani kwa mkulima wa zabibu, akasafiri juu ya punda, na tarehe 1 Novemba akafika Sedan, mji wa mpakani uliokuwa kimbilio la Waprotestanti. Huko ndiko alikokutana na Philippe Duplessis-Mornay, ambaye naye aliponea Paris siku zilezile, chini ya ulinzi wa mwenye nyumba Mkatoliki, akakimbilia Uingereza. Walioana Januari 1576.

Neno moja kuhusu ushahidi wenyewe. Charlotte aliandika miaka mingi baada ya tukio, na aliandika kwa ajili ya mtu mmoja: mwanawe Philippe, aliyemkabidhi maandishi hayo 1595 kijana akianza kuondoka nyumbani. Lengo lilikuwa kumwonyesha mkono wa Mungu katika maisha ya wazazi wake. Kwa hiyo kila mlango ukifunguka, anamtaja Mungu. Lakini hakuwanyima majina waliofungua, na kwa mwanahistoria hiyo ndiyo dhahabu: orodha ya maofisa, watumishi, wapangaji na wadeni wa hisani wa nyumba ya Arbaleste. Mwanamke Mprotestanti asiye na ukoo kama huo alipita wapi? Wengi hawakupita. Kijana Philippe aliuawa vitani Geldern 1605. Mama akaandika kwamba ni haki kitabu chake kiishie kwa mwanawe, akaweka kalamu, na mwaka uliofuata akafariki Saumur.

Na watu wakidhani waliomnyima raha kwa sababu ya dini walikuwa Wakatoliki tu, huwa nawapeleka Montauban, mwaka 1584. Mji wa Waprotestanti watupu. Baraza la wazee wa kanisa lilimzuia Charlotte asishiriki Meza ya Bwana, yeye na wa nyumbani kwake, kwa sababu ya nywele: alizitengeneza kwa kuzishikiza na waya, mtindo wa wanawake wa tabaka lake, na wazee wakaona ni majivuno. Hakulia wala hakuomba radhi. Aliandika utetezi mrefu, akataka aonyeshwe ni andiko gani au kanuni gani ya sinodi ya taifa inayomhukumu, na akakumbusha kwamba makanisa ya nchi kadhaa yalikuwa yamempokea mezani na nywele zilezile.