Kompyuta ya gemu ya bei ya kati: yanayosemwa dukani na ukweli wake

"Ina Core i7, kwa hiyo ni ya gemu."

Neno hili limewalia vijana wengi akiba yao. Intel, kampuni inayotengeneza prosesa (ubongo wa kompyuta), ilianza kutumia jina i7 mwaka 2008, kwa hiyo peke yake halikuambii kitu. Core i7-2600 ya 2011 ina viini vinne, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi. Core i3-12100 ya 2022 nayo ina vinne, na inaiacha mbali ile i7. Soma tarakimu zinazofuata: 2600 ni kizazi cha pili, 12100 ni cha kumi na mbili. Karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane hazikubaliki rasmi na Windows 11, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Zile kompyuta za ofisini za mtumba zinazojaa madukani Dar es Salaam na Nairobi zina kikwazo kingine: pawa saplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Mara nyingi ni ndogo, na plagi zake hazilingani na za kawaida, hivyo kuibadilisha ni taabu. Tundu la kadi ya picha (kifaa kinachochora picha za gemu) kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, hutoa wati 75 tu. Ukinunua mashine ya aina hiyo, tafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, kama baadhi ya matoleo ya GTX 1650.

"Kadi yenye GB nyingi ndiyo yenye nguvu."

Kadi ya RTX 3060 ya 2021 ina toleo lenye kumbukumbu ya GB 12, RTX 4060 ya 2023 ina GB 8, na bado 4060 ina kasi zaidi katika gemu nyingi. Lakini gemu ikihitaji kumbukumbu kuliko hizo 8, picha huanza kukwama, na hapo 3060 hupumua. Kwa hiyo angalia gemu unazocheza kwanza. Kuwa makini pia na GT 1030: ziko mbili zenye jina moja na GB 2 zilezile, ila moja ina kumbukumbu ya aina ya GDDR5 na nyingine DDR4, ambayo kumbukumbu yake husafirisha data kwa takriban theluthi moja tu ya kasi ya mwenzake. Muuzaji asipokutajia ni ipi, usitoe hela.

"Prosesa ghali kwanza, kadi baadaye."

Kwa skrini ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080), prosesa ya Ryzen 5 5600 yenye viini sita inatosha kabisa. Pesa inayobaki ipeleke kwenye kadi. Anayecheza mashindano kwa picha za chini akitafuta fremu (picha kwa sekunde) nyingi mno, huyo ndiye mwenye sababu ya kupanda prosesa.

"Wati nyingi kwenye boksi ni usalama."

Hapa, kwenye pawa saplai, sitaki mtu abane matumizi. Nembo ya 80 Plus hupima umeme unaopotea, haipimi ulinzi wa vifaa. RTX 4060 hula takriban wati 115 tu. Pawa saplai ya wati 550 ya kampuni inayoaminika ni bora kuliko ya 800 isiyojulikana ilikotoka.

"RAM ni RAM."

Hii ni kumbukumbu ya muda ambayo prosesa hufanyia kazi. Nunua vipande viwili vya GB 8, usichukue kimoja cha 16, ili prosesa itumie njia mbili kwa pamoja. Kisha ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uwashe XMP, inayoipa RAM kasi iliyoandikwa. Bila hivyo, RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 inaweza kubaki 2133 au 2400. Na waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, si kwenye madabodi.