Kwa nini ganzi hubaki wakati tundu la uti wa mgongo limeshanywea?

Miezi kadhaa baada ya upasuaji wa siringomielia, yaani ugonjwa wa tundu hilo, daktari anaonyesha picha ya MRI: tundu lililokuwa limejaa maji ndani ya ugwe wa mgongo, ule uzi mnene wa neva unaopita kwenye pingili, limenywea. Mgonjwa anafurahi, lakini vidole vyake bado vina ganzi na bega bado linawaka moto. Je, upasuaji umeshindwa?

Mara nyingi, la. Chanzo kikubwa cha tundu hili ni kasoro aliyoieleza Hans Chiari huko Prague mwaka 1891: ncha ya chini ya ubongo wa nyuma hushuka hadi shingoni na kubana njia ya maji ya ubongo. Kwa wagonjwa hao, kwa kawaida daktari haligusi tundu lenyewe. Hutoa kipande cha mfupa wa kisogo, na mara nyingi hushona kiraka kwenye utando wa ubongo ili kuongeza nafasi. Njia ikifunguka, tundu hunywea taratibu.

Neva zina kisa kingine. Nyuzi zinazobeba hisia za maumivu na joto huvukia katikati kabisa ya ugwe, palepale tundu linapotanuka. Ndiyo maana mtu huhisi akiguswa, lakini hajui kama sufuria ni ya moto mpaka aone lengelenge. Nyuzi zilizobanwa tu zinaweza kuamka. Zilizokatika ni vigumu mno kuota tena, tofauti na neva za mkononi au mguuni. Nyingine, zikishajeruhiwa, hutuma ishara za uongo, na huo ndio moto wa begani usio na kidonda. Huo hutibiwa kwa dawa za maumivu ya neva, kama gabapentini au amitriptilini.

Kwa hiyo lengo la kwanza la upasuaji ni kuzuia hali isizidi. Maumivu ya kisogoni yanayokuja ukikohoa huwa ya kwanza kupungua. Nguvu za mikono hutegemea zilianza kupotea lini. Ganzi ndiyo king'ang'anizi. Kwa maoni yangu, haya yasemwe kabla mgonjwa hajatia saini.

Wiki za mwanzo shingo hukakamaa, na kubeba ndoo au kujikamua chooni ni mwiko. Maji maangavu yakivuja kwenye mshono, au homa ikipanda, rudi hospitali siku hiyohiyo. MRI nazo huendelea hata ukijisikia vizuri, kwa sababu tundu huweza kujaa upya.