NIDA ya mama si NIDA ya mtoto

Wiki iliyopita, kwa mara ya tatu mwezi huu, mzazi aliweka kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, juu ya meza yangu ya benki hapa Dodoma mjini, akanieleza kwa upole kwamba hicho kinatosha kumfungulia mwanawe akaunti. Hakitoshi. Alama za vidole vyake zikisomwa kwenye mfumo zitaniambia yeye ni nani, lakini kuhusu mtoto aliyelala mgongoni hazitaniambia lolote.

Mtoto hutambuliwa kwa cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kadi ya kliniki si cheti, na cha ubatizo ni cha kanisa, sirefushi hapo.

Kinachonichosha ni hatua inayofuata, ambayo hata baadhi ya wenzangu wa kaunta huiruka, nayo ni kuonyesha kwamba mkubwa na mdogo waliosimama mbele yangu wanahusiana. Bibi mmoja kutoka Kongwa alikuja na mjukuu wake. Cheti kilikuwa halali, NIDA ilikuwa halali, ila jina la bibi halikuwamo popote katika cheti. "Mwanangu, huyu nimemlea tangu ana miezi minne," aliniambia, nami sikumtilia shaka. Hata hivyo nilimwomba hati inayomtaja kuwa mlezi, kwa sababu fedha ni za mtoto na mkubwa ni mwendeshaji tu, na akaunti ya mtoto ni maficho mazuri kwa mtu mzima asiyetaka jina lake lionekane. Kwa upande mwingine, afisa anayemrudisha mama nyumbani kwa kuwa cheti kinasema Mariam na NIDA inasema Mariamu ananikera zaidi. Hati ya kiapo ipo kwa ajili ya mambo hayo.

Sasa nikiri jambo ambalo mafunzo yetu hayaligusi. Cheti cha kuzaliwa hakina picha. Nikikihakiki RITA, kama wafanyavyo waombaji wa mikopo ya elimu ya juu, nitajua kwamba mtoto huyo ameandikishwa. Sitajua kwamba ndiye huyu anayenichungulia kutoka ndani ya kanga. Picha ndogo tunayoibandika kwenye fomu akiwa na mwaka mmoja haitafanana naye atakapoanza darasa la kwanza. Kwa hiyo, baada ya mihuri yote, bado namwamini mama, na fomu haina mahali pa kuandika hivyo. Alama za vidole vya mwenye akaunti nitazisoma atakapotimiza miaka 18 na kuja na NIDA yake mwenyewe, pamoja na cheti kilekile.