Wajukuu wanakuja Desemba: dawa za malaria waanze lini?

Oktoba ikiingia, akina bibi wa Mbagala na Kimara huanza kunitumia sauti za WhatsApp. Ya juzi ilikuwa na jogoo anayewika kwa nyuma: "Daktari mwanangu, wajukuu zangu wa London wanakuja Krismasi. Mama yao anasema lazima wameze dawa za malaria kabla ya kupanda ndege. Kwani hao si damu yetu? Sisi mbu wametuuma maisha yote na bado tupo."

Shikamoo mama. Mkweo yuko sahihi.

Ukiacha habari za selimundu, ambazo ni somo jingine, kinga ya malaria hairithiwi kwa ukoo. Mwili huijenga kwa kuugua tena na tena tangu utotoni, na hata ikikomaa haizuii vimelea kuingia. Hupunguza makali tu. Ukikaa miaka mingi mahali pasipo na malaria, inafifia. Kwa hiyo hata mwanao aliyekulia Tandika anarudi akiwa karibu sawa na mgeni. Watoto waliozaliwa huko hawajawahi kuwa nayo kabisa.

Dawa zenyewe ziko za aina tatu. Atovakwoni-proguanili huanzwa siku 1 au 2 kabla, humezwa kila siku, kisha siku 7 baada ya kuondoka. Doksisaiklini huanzwa vivyo hivyo, ila baada ya kuondoka inaendelea wiki 4. Ni nafuu, lakini ngozi huungua upesi, na jua letu la Desemba unalijua; tena haifai kwa watoto wadogo wala wajawazito. Meflokwini ni mara moja kwa wiki, huanzwa wiki 2 hadi 3 kabla na kumalizwa wiki 4 baada. Mwenye kifafa au aliyewahi kuugua sonona asiiguse.

Wengi huziacha wakisharudi London, na hapo ndipo wanapoumia. Vimelea hukaa kwenye ini wiki moja au zaidi kabla ya kumwagikia damuni. Atovakwoni-proguanili huvikuta hukohuko kwenye ini, ndiyo maana siku 7 zinatosha. Hizo nyingine mbili huvisubiri kwenye damu.

Na tafadhali, mseto, ile dawa ya kutibu malaria, si kinga! Kila mwaka nakutana na mjomba aliyewanunulia watoto dawa mseto duka la jirani "wameze tu, wasije wakaugua". Mseto ni tiba, na humezwa baada ya kipimo.

Wazazi waende kliniki ya wasafiri wiki 6 kabla, waulizie chanjo ya taifodi na homa ya ini A, na wahakikishe ile ya surua imekamilika. Kuhusu homa ya manjano, Tanzania haidai kadi ya chanjo kwa anayetoka Uingereza moja kwa moja. Ila tiketi za bei poa hupitia Addis Ababa au Nairobi, na nchi hizo mbili zimo kwenye orodha ya hatari: ukisubiri ndege nyingine zaidi ya saa 12, kadi itatakiwa. Nayo huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, basi usikimbilie chanjo siku ya kufunga mabegi. Tangu 2016 sindano moja inatosha maisha yote.

Bibi naye ana kazi. Dengi, iliyotutesa Dar mwaka 2014 na 2019, haina kidonge cha kujikinga, na mbu wake huuma mchana, chandarua kikiwa kimekunjwa. Mwaga maji kwenye matairi na vyungu vya maua, funika tangi, watoto wapakwe dawa ya mbu asubuhi. Homa ikishika, wapewe parasetamo wakiwa njiani kwenda kupimwa. Ibuprofeni na diklofenaki ziacheni, kama ni dengi zinaweza kuzidisha kutoka damu.

Mkipanga kwenda kusalimia ukweni Geita, jueni malaria ya huko ni nyingi kuliko ya hapa mjini. Watoto wasiogelee ziwani. Kichocho hakionekani kwa macho.

Wakisharudi London, homa yoyote ndani ya mwaka mzima, hasa miezi 3 ya kwanza, ni ya hospitali siku hiyohiyo. Januari kule kila mtu ana mafua, na daktari hatawaza mbu. Waanze na neno hili kabla hata ya kusema kinachouma: tulikuwa Tanzania.