Gari la turubai halikuwa basi la abiria

Wengi hudhani familia zilizohamia Oregon, Marekani, miaka ya 1840 zilisafiri zimeketi ndani ya gari la turubai, yaani mkokoteni mkubwa wenye paa la turubai, farasi wakikata mbuga. Wapi! Gari lilijaa unga, maharage, nyama ya nguruwe ya chumvi na zana. Tena halikuwa na springi: lilitikisika hadi maziwa yaliyoning'inizwa asubuhi yakawa siagi jioni. Nani angetaka kukaa humo? Walipanda hasa wagonjwa na watoto wachanga. Waliobaki walitembea, baadhi yao pekupeku, karibu kilomita 3,200 kwa miezi minne hadi sita. Na wanyama waliolivuta gari kwa kawaida walikuwa maksai: wazito wa mwendo, lakini wavumilivu, bei nafuu kuliko farasi, na walishiba nyasi za njiani.